Kila Nchi na Ushanga Wake: Historia ya Kazi ya Ununuzi na Ugavi Tanzania

Ofisa ambaye leo huitwa meneja wa ununuzi, au mkuu wa kitengo cha usimamizi wa ununuzi kwa lugha ya sheria za Tanzania, ni mtu aliyekabidhiwa fedha zisizo zake ili anunue vitu ambavyo hatavitumia yeye, kutoka kwa wauzaji ambao pengine hakuwahi kuwaona, kwa ajili ya watumiaji walio mbali naye. Umbali huo kati ya anayenunua na anayetumia ndio uliozaa taaluma hii, kwa maana mama anayekwenda sokoni kununua nyanya za nyumbani kwake hahitaji bodi wala mkaguzi: akichagua vibaya, kosa lake atalila jioni ileile. Anayenunua dawa za zahanati ya mpakani akiwa Dar es Salaam hapati onyo la haraka namna hiyo, na ndiyo sababu jamii imelazimika, kizazi baada ya kizazi, kubuni njia za kumfanya anunue kana kwamba ndiye atakayetumia.

Maneno yenyewe yana historia inayofaa kutazamwa kwanza. Ununuzi, katika maana ya kitaaluma, ni mlolongo wote wa kutambua hitaji, kutafuta muuzaji, kufunga naye mkataba na kuusimamia hadi bidhaa au huduma ipokelewe. Ugavi ni kazi inayofuata ya kuipokea bidhaa, kuitunza na kuifikisha kwa mwenye haja nayo. Neno ugavi linatokana na kugawa, na ndani yake bado anasikika mgavi, yule aliyeaminiwa kugawa chakula shughulini bila kumpunja mgeni wa mwisho. Zabuni, neno lililotujia kutoka Kiarabu, lilikuwa kwanza neno la mnadani: aliyezabuni ni mnunuzi aliyetaja bei na kuipandisha ili ampite mwenzake. Katika matumizi ya leo mambo yamegeuka, kwani mzabuni sasa ni muuzaji anayejaribu kuishusha bei chini ya wenzake, na aliyeketi kitako akingoja ni mnunuzi. Mgeuko huo wa neno moja unaeleza safari ndefu, kutoka soko ambalo watu huonana uso kwa uso hadi soko la bahasha zilizofungwa.

Historia ya kazi hii nchini husimuliwa kwa kawaida kama historia ya sheria: sheria gani ilitungwa mwaka gani, ikafuta ipi. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaeleza nusu tu ya kazi, yaani namna ya kumchagua muuzaji kwa haki. Nusu ya pili, ambayo ni kongwe zaidi, ni kujua kinachohitajika, wapi, kwa kiasi gani na kwa ubora upi. Na ukiyafuatilia maafa makubwa ya ununuzi katika ardhi hii kwa muda wa miaka 150, utakuta kwamba mengi yalianzia kwenye nusu hiyo iliyopuuzwa.

Ujuzi huo ulikuwa umekomaa sana katika mji wa Unguja wa karne ya 19, wakati misafara ilipokuwa ikivuka kwenda Bagamoyo na kuelekea bara. Msafara wa biashara haukubeba sarafu, kwa kuwa sarafu haikununua chakula wala malazi bara. Ulibeba nguo, ushanga na masango, yaani waya mnene wa shaba. Nguo zilihesabiwa kwa doti, kipimo cha yadi 4, na kwa shuka, ambayo ni nusu ya doti. Iliyotangulia nyingine zote ilikuwa marekani, kitambaa cheupe kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Ilifuatiwa na kaniki, nguo iliyotiwa nili, na nguo za rangi zenye majina kama barsati na sohari, kila moja ikiwa na nchi iliyoipenda.

Ugumu wa kazi ya mnunuzi wa msafara ulikuwa katika ushanga. Henry Morton Stanley, alipofika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871 kujiandaa kumtafuta David Livingstone, aligundua kwamba vitabu vya wasafiri waliomtangulia havikumwambia jambo alilohitaji kuliko yote, nalo ni anunue nini na kiasi gani, hata akalazimika kwenda kujifunza kwa wafanyabiashara wa mji, miongoni mwao Sheikh Hashid, ambaye alikwisha kutuma misafara bara. Kwa sheikh huyo alijifunza kwamba chakula cha watu 100 kingegharimu doti 10 kwa siku, akafikia hesabu ya mwaka mmoja: doti 2,000 za marekani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Akajifunza pia kwamba Wanyamwezi walitaka ushanga mwekundu na kuukataa mwingine wowote, kwamba ushanga mweusi ulipokewa Ugogo na haukuwa na thamani kwingineko, na kwamba sungomaji, ushanga mkubwa wa umbo la yai, ulikuwa mali Ujiji lakini ungekataliwa njia nzima kabla ya kufika huko.

Inafaa kutafakari maana ya hesabu hiyo kwa mnunuzi. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, na kila mzigo wa ushanga usiotakiwa ulikuwa mtu mmoja anayelipwa na kulishwa kwa ajili ya kubeba uchafu. Safari ya Bagamoyo hadi Tabora ni kilomita 800 hivi, na kosa lililofanyika dukani Unguja lilijulikana wiki nyingi baadaye, mahali ambapo hapakuwa na duka jingine la kulirekebishia. Wala mapendeleo ya bara hayakuwa ya kudumu, kwa sababu rangi iliyopendwa mwaka huu ingeweza kuachwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekaa Unguja alihitaji habari mpya kutoka kwa kila msafara uliorejea, akizihifadhi kichwani kama vile meneja wa leo anavyohifadhi takwimu za matumizi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata ujaji wa marekani, nguo za Uingereza na India zilijaribu kuchukua nafasi yake, na wanunuzi wa bara walizipima kwa vidole na kwa kuzifua kabla ya kuzikubali. Ukaguzi wa ubora, kwa hiyo, ulifanywa na mtumiaji mwenyewe.

Nyuma ya misafara walisimama watoa mikopo, ambao wengi wao walikuwa na asili ya India. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Taria Topan, mfanyabiashara wa Kiismailia aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye naye katika masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili anaeleza jinsi alivyochukua mali kwa matajiri kadhaa kabla ya kuondoka. Mkopo huo ulikuwa mkataba wa ugavi katika umbo lake la awali: mali hutolewa leo, malipo ni pembe za ndovu miezi au miaka baadaye, na dhamana ni jina la mtu. Haifai kuupamba mfumo huo. Mizigo iliyotoka bara ilijumuisha watu waliotekwa na kuuzwa, na ustadi wa hesabu uliosifiwa hapa ulitumika pia katika biashara hiyo ya utumwa, jambo ambalo mwanahistoria wa taaluma hii hana ruhusa ya kulificha.

Kuna neno moja la njia ya misafara ambalo limeingia katika taaluma ya ununuzi kwa mlango wa nyuma. Hongo, katika karne ya 19, ilikuwa ushuru uliotozwa na watemi kwa wasafiri waliopita katika nchi zao, hasa Ugogo, ambako maji yalikuwa machache na visima vilikuwa vya wenyeji. Ilidaiwa hadharani na kujadiliwa mchana kweupe, na mnunuzi makini aliitengea mafungu ya nguo kabla ya kuondoka pwani. Leo neno hilohilo lina maana ya malipo ya siri yanayopotosha uamuzi wa mwenye dhamana. Malipo ya wazi kwa mwenye nchi yalikoma chini ya utawala wa kigeni, likabaki neno, likahamia kwenye malipo ya gizani. Na kwa kuwa hongo ya leo haiwezi kuandikwa katika hesabu, huingizwa katika bei, ambako hulipwa na mwananchi asiyejua kwamba amelipa.

Utawala wa Wajerumani ulileta namna nyingine ya kununua, ambayo mnunuzi na muuzaji wote walikuwa Ulaya na Afrika ilikuwa mahali pa kushushia mizigo. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na vyuma vyake vilivuka bahari. Kazi ya ugavi iliyo bora kuliko zote za enzi hiyo ni meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni, kisha ikaundwa upya na kuteremshwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Siri ya mafanikio hayo haikuwa wingi wa makasha. Kiwanda kilituma mafundi wake 3 waliokuwa wameiunda meli hiyo mara ya kwanza, kwa hiyo aliyefungua kasha alijua kilichomo na kinakokwenda. Meli hiyo, ambayo baadaye iliitwa Liemba, ilihudumia bandari za ziwa hilo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Upande wa pili wa vita vilivyoanza mwaka 1914 ulionyesha gharama ya ugavi usiokuwa na mpango. Jeshi la Waingereza lilikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu kubeba chakula na risasi mahali ambapo magari hayakupita na wanyama walikufa kwa ndorobo, na makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wakiwa wamebeba chakula cha wengine. Kambi yao ya Dar es Salaam iliacha jina la kikosi chao kwenye ardhi, nalo ni Kariakoo. Hivyo soko ambalo leo maofisa ugavi wa nusu ya nchi hulikimbilia kutafuta bei limesimama juu ya jina la kikosi cha ugavi, na wanaopita pale kila siku wanastahili kukumbushwa.

Chini ya Waingereza kazi ya ununuzi ilipata karatasi zake. Bidhaa ambazo hazikupatikana ndani ya koloni ziliagizwa kupitia Crown Agents, wakala uliokuwa na ofisi London tangu mwaka 1833, ambao ulizinunulia serikali za makoloni kila kitu kuanzia stempu za posta hadi injini za treni. Idara ya Tanganyika iliandika hati ya maagizo, hati ikapanda meli, na miezi kadhaa baadaye bidhaa ikashuka bandarini, aghalabu ikiwa imetoka viwanda vya Uingereza. Kwa kuwa uamuzi wa nani auze ulifanyika London, kilichobaki nchini kilikuwa bohari, na ndiyo maana mzazi wa meneja wa ununuzi wa Tanzania ni mtunza bohari. Yeye ndiye aliyejaza leja, yaani daftari kuu la mali, na kadi ya bohari, ile inayoning'inizwa kwenye rafu ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ngazi za kazi zilifuata rangi ya ngozi: Mzungu aliidhinisha, karani wa Kigoa au Kihindi aliandika, Mwafrika alibeba, na ilichukua miaka mingi kabla Mwafrika hajakabidhiwa ufunguo.

Mpango wa karanga wa mwaka 1946 hadi 1951 ndio unaofaa kufundishwa katika kila darasa la ununuzi, kwa sababu ndani yake kila kosa la taaluma lilifanywa kwa fedha nyingi na kwa nia njema. Serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilikubali kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, kwa kutegemea ujumbe uliozunguka kwa wiki 9 tu. Matrekta mapya hayakupatikana ulimwenguni wakati huo, hivyo yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika kutoka katika mabaki ya majeshi, yakiwamo yaliyotoka Ufilipino, mengi yakiwa mabovu na bila vipuri. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam haikuweza kupokea mizigo kwa kasi iliyotakiwa. Kituo kikuu kiliwekwa Kongwa, katika Ugogo, ambako udongo hukauka ukawa mgumu kama tofali na mvua hukosekana mara kwa mara, habari ambayo Mgogo yeyote angeitoa bila malipo. Katika muda wa miezi michache sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imesimama. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Nchi ileile iliyokuwa imewafundisha wafanyabiashara wa Unguja kwamba inapokea ushanga mweusi usiotakiwa kwingineko ilikuwa imekataa mzigo ulionunuliwa bila kuulizwa, na safari hii mzigo ulikuwa wa chuma.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 taratibu za zabuni ziliendelea chini ya sheria ya fedha na ukaguzi ya mwaka huo, huku Bodi Kuu ya Zabuni ikisimamia manunuzi makubwa ya serikali. Mabadiliko ya kina yalikuja na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalitaifishwa na kuunganishwa katika Shirika la Biashara la Taifa, na ghafla ofisi moja ya Dar es Salaam ikawa na wajibu wa kuagiza kanga, majembe, sindano na vipuri vya baiskeli kwa ajili ya maduka ya kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Lengo lilikuwa la heshima, kwani liliwatoa wananchi mikononi mwa wachache waliopanga bei watakavyo. Lakini ofisi hiyo haikuwa na masikio ya kutosha huku mikoani, maghala yakajaa visivyouzika na kukosa vinavyotafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika likavunjwa na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, ile ambayo wazee bado wanaiita RTC.

Uhaba wa fedha za kigeni, bei ya mafuta na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliigeuza kabisa kazi ya ofisa ugavi. Katika soko lenye bidhaa nyingi, ustadi wa mnunuzi ni kuchagua; katika soko tupu, ustadi ni kupata. Ofisa ugavi wa kiwanda cha wakati huo hakuitisha zabuni, kwa kuwa hapakuwa na wazabuni: alifuatilia kibali, alifuatilia mgao wa fedha za kigeni Benki Kuu, alisafiri na barua kutoka shirika moja la umma kwenda lingine akitafuta mkanda wa mashine au pipa la rangi. Wapo waliozihifadhi roho za viwanda kwa uaminifu ambao haujaandikwa popote, na wapo waliogundua kwamba kibali chenyewe kina bei. Operesheni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwagusa wafanyabiashara na watumishi pia, na doa la ulanguzi liliishikilia kazi hii kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1981, Bunge lilipitisha sheria namba 9 iliyounda bodi ya taifa ya usimamizi wa vifaa, na kwa mara ya kwanza kazi ya bohari na ununuzi ikatambuliwa kuwa taaluma yenye mafunzo na mitihani yake. Wahasibu walikuwa na bodi yao tangu mwaka 1972, na ofisa ugavi alikuwa amezoea kuketi chini yao kama mdogo wa nyumba. Sheria hiyo haikuondoa uhaba, lakini ilimpa mtunza bohari mahali pa kupanda.

Mfano unaoeleza vizuri zaidi tatizo la kujua hitaji unapatikana katika dawa. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, kila zahanati ya umma ilipelekewa kasha la dawa muhimu, lililofungwa tayari, lenye vitu vilevile na kiasi kilekile, na vituo vya afya vikapata kasha lao kubwa zaidi. Mpango huo uliokoa maisha ya watu wengi, na ni dhuluma kuusahau: vijiji ambavyo havikuwa vimeona kidonge kwa miezi vilianza kupokea dawa kwa utaratibu. Hata hivyo kasha lilikuwa halijui lilikokwenda. Zahanati ya bondeni yenye mbu na zahanati ya milimani kwenye baridi zilipata dawa za malaria sawasawa, hivyo zikaisha mapema bondeni, na milimani zikalala rafuni hadi zikaharibika. Hatimaye vituo viliruhusiwa kujiagizia kwa mahitaji yao kupitia Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mganga wa zahanati akalazimika kujifunza kukadiria matumizi ya miezi ijayo. Elimu aliyoipata ilikuwa ileile ya Sheikh Hashid, kwamba kila nchi ina ushanga wake.

Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na miradi ya wahisani kuongezeka, tatizo halikuwa tena kupata muuzaji, bali kumchagua miongoni mwa wengi kwa njia inayoaminika. Tume ya Jaji Joseph Warioba, katika taarifa yake ya mwaka 1996 kuhusu kero ya rushwa, ilitaja ununuzi na mikataba ya serikali kuwa miongoni mwa vichaka vikubwa vya rushwa, na mitaani watu walikuwa na jina la fungu la ofisa katika kila mkataba: teni pasenti. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2001 ilikuwa jibu la kwanza. Ya mwaka 2004 iliivunja Bodi Kuu ya Zabuni, ikaanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, na ikaigawa kazi ndani ya kila taasisi ili mtu mmoja asiweze kuibeba peke yake. Tangu hapo idara tumizi, yaani yenye hitaji, ndiyo inayoeleza inachotaka. Kitengo cha usimamizi wa ununuzi huandaa nyaraka. Kamati ya tathmini hupima zabuni. Bodi ya zabuni huidhinisha. Na afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, hutia saini. Uganda ilikuwa imetunga sheria ya namna hiyo mwaka 2003, na Kenya ilifuata mwaka 2005.

Mwaka 2007 bodi ya vifaa ilirithiwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na usajili ukawa sharti la kufanya kazi. Kijana anayeingia leo husoma stashahada au shahada, huajiriwa serikalini kama Afisa Ugavi Daraja la II, hufanya mitihani ya bodi hadi kupata cheti cha juu kinachojulikana kwa kifupi CPSP, na akidumu katika uadilifu anaweza kuongoza kitengo kinachowajibika moja kwa moja kwa afisa masuuli, si kwa mhasibu. Kwa wale waliowahi kumwona mtunza bohari akisimama mlangoni mwa ofisi ya fedha akingoja kuitwa, hayo ni mapinduzi ya kweli.

Pamoja na hayo, kashfa iliyolitikisa taifa katika miaka hiyohiyo haikuhusu bei peke yake. Rada ya kuongozea ndege iliyonunuliwa Uingereza kwa pauni milioni 28 ililaumiwa, kabla malipo yake hayajachunguzwa, kwa sababu wataalamu wa usafiri wa anga waliona haikulingana na mahitaji ya nchi. Kampuni ya BAE Systems ilikiri mahakamani mwaka 2010 kwamba haikutunza kumbukumbu sahihi za hesabu za biashara hiyo, na pauni milioni 29.5 zikarejeshwa Tanzania, zikatumika kununulia vitabu na madawati ya shule. Swali lililopaswa kuulizwa mwanzoni, la nchi inahitaji nini, lilijibiwa mwishoni, na jibu lilikuwa vitabu.

Sheria ya mwaka 2011, marekebisho ya mwaka 2016 na sheria mpya ya mwaka 2023 zimeendelea kukaza na kulegeza kamba hiyohiyo. Mambo mawili ya karibuni yana uzito zaidi. La kwanza ni fosi akaunti, utaratibu wa taasisi kujenga kwa kutumia mafundi wa mahali badala ya mkandarasi, ambao umewafanya walimu wakuu na wanakijiji kuwa wanunuzi wa saruji, nondo na mabati kupitia kamati zao za ununuzi, mapokezi na ujenzi. Yapo makosa ya vipimo na ya hesabu katika kazi hizo, lakini safari hii anayenunua ni jirani wa atakayetumia, na anayepokea mfuko wa saruji uliopungua ana mtoto katika darasa litakalojengwa. La pili ni mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, ambamo zabuni za umma hutangazwa, hufunguliwa na hufuatiliwa bila bahasha. Mfumo huo unaweza kumzuia ofisa asimpendelee muuzaji, na kwa hilo unastahili sifa zote. Hauwezi kumwambia kwamba zahanati fulani haihitaji alichoombwa kuinunulia.

Kazi hiyo ya kujua hitaji imebaki kuwa ya mtu, na haifunzwi kwenye kioo cha kompyuta. Waajiri wanaompokea mhitimu wa ununuzi na kumkalisha siku ya kwanza mbele ya mfumo wanamnyima nusu kongwe ya taaluma yake. Mwaka wake wa kwanza na uwe wa bohari, wa wodi, wa karakana na wa stoo ya shule, akishika kadi ya bohari kwa mkono wake na kuwauliza wanaotumia vitu hivyo ni kipi kiliisha mapema na ni kipi kimelala rafuni tangu mwaka juzi.